Saa ya Mwisho ya Mwalimu Idarusi

Siku aliyotoka eda, Mwatumu hakutoka nyumbani. Dada zake walifika mapema, wakamwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamfukiza udi, wakamwambia sasa mlango uko wazi, nenda utakako. Akawashukuru. Kisha akaketi kwenye kitanda cha kamba uani, mgongo ukutani, akasema, "Nitakwenda. Niacheni kwanza nikae."

"Hujachoka kukaa?" dada yake mkubwa akamuuliza.

"Nimechoka na kila kitu. Kukaa ndiko afadhali kidogo."

Alasiri akapiga hodi Mwalimu Zubeiri, aliyefundisha shule moja na marehemu mumewe. Alikuwa na jamaa wawili wa mtaani. Walikaribishwa, wakaletewa kahawa, wakamwombea marehemu, na kahawa ilipokaribia kwisha Zubeiri akalitoa lililowaleta. Walitaka kumfanyia marehemu hitma Kigombe, kijijini kwao, na baada ya dua mtu asimame aeleze alivyokuwa. Nusu ya mtaa wa Ngamiani, alisema, ilikuwa imejifunza kwa Mwalimu Idarusi hesabu na mwendo wa jua, na haifai mtu kama yule azikwe halafu anyamaziwe.

"Wewe ndiye uliyekaa naye, Bi Mwatumu. Tuambie basi, alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwatumu aliwatazama. Alikuwa mtu wa kuchosha, ndilo jibu lililomjia. Lakini hilo mtu hawaambii wageni walioshika vikombe.

"Alikuwa mtu mwema," akasema. Wakaitikia, wakaaga, wakaenda zao. Yeye akarudi kwenye kitanda chake cha kamba, na lile swali likabaki naye pale uani.

Idarusi alizaliwa kwa mtu mwenye minazi michache na adhana ya msikiti. Mzee yule hakuwa na saa. Alijua adhuhuri imeingia au alasiri imefika kwa kusimama peku uwanjani na kukipima kivuli chake kwa nyayo zake mwenyewe, na mtoto nyuma yake akikipima cha kwake. Mzee akisharidhika na jibu, mtoto ndipo anaanza maswali. Kwa nini kivuli cha mchana miezi mingine kinaangukia kusini na miezi mingine kaskazini? Na kwa nini ziko siku katika mwaka kinapotea kabisa, mtu akasimama jua la utosini kama hana kivuli? Mzee akamwambia, kamuulize ajuaye. Idarusi akaondoka kumtafuta huyo ajuaye, na kutafuta huko hakukuacha mpaka alipokufa.

Alisoma Tanga mjini, akawa mwalimu wa hesabu. Akamposa Mwatumu binti Msafiri, mtoto wa fundi cherehani wa Ngamiani, aliyezoea mji na majirani na soko la karibu. Harusi haijapoa, serikali ikampeleka mume shule ya milimani, kule juu njia ya Amani. Huko ndiko alikojenga saa yake ya jua ya kwanza.

Mtu gani anajenga saa ya jua Amani? Ukungu unashuka asubuhi na kuondoka unapotaka, na masika jua linakuja kama mgeni mwenye haraka. Washambaa walipita wakamwona mwalimu amesimama na mwavuli kando ya kisahani cha mbao, akingoja. "Mwalimu, saa yako imelala," walimwambia kwa adabu. Naye akawajibu kwa adabu vilevile kwamba haijalala, inafikiri. Mwatumu alikuwa ndani akipuliza kuni mbichi, macho yanamtoka machozi, akisikia mumewe anacheka na watu mvuani. Alijua siku ile ameolewa na nini.

Kutoka Amani walihamishiwa Muheza, na kutoka Muheza Pangani, ambako binti yao Sabiha alikuja kuolewa baadaye. Kila nyumba waliyohamia, kabla Mwatumu hajapata mahali pa mafiga, mumewe alikwishapata mahali pa jua. Mahali pazuri pa kuanikia nguo pakawa pa saa. Palipobaki kivuli pakawa pa nguo.

Na saa zenyewe zilikuwa za ajabu kwa macho ya watu. Walitarajia kijiti kilichosimama. Idarusi alisimamisha bamba lenye umbo la nusu duara, kama sinia lililokatwa kati, ukingo wa mviringo chini. Katikati akapitisha chuma kilicholala karibu sawa na ardhi, kutoka kaskazini kwenda kusini, kichwa chake cha kusini kimeinuliwa kidogo tu. Watu wakamuuliza mbona chuma kimelala. Akawaeleza kwamba kingekuwa Ulaya kingesimama zaidi, lakini sisi watu wa Tanga tunakaa karibu na kiuno cha dunia, na chuma lazima kielekee pale ambapo mbingu yote inazungukia. Jua likichomoza, kivuli cha chuma kinalala ubavu mmoja wa bamba, saa kumi na mbili. Mchana kinaning'inia chini, saa sita. Jioni kiko ubavu wa pili, saa kumi na mbili nyingine. "Tazameni," alisema, "saa yetu ya Kiswahili jua linaihesabu bila kufundishwa." Nusu ya mwaka kivuli kilionekana uso wa kaskazini, na nusu ya pili uso wa kusini. Katikati zilikuwapo siku chache ambazo bamba halikusema kitu, na siku hizo Idarusi alikuwa hakaliki.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walirudi Ngamiani. Mwatumu alidhani sasa amefika kwao, atapumzika. Lakini hapo ndipo mambo yalipoanza. Idarusi alijenga saa kwenye kiwanja kando ya nyumba, na watu wakaanza kuilinganisha na saa ya stesheni. Miezi mingine ilitangulia, miezi mingine ikachelewa. Wakamwambia saa yake ni mwongo.

"Ile ya stesheni imewekwa ili treni zisigongane," aliwajibu. "Hii yangu haina treni. Kaeni chini niwaeleze."

Wakakaa. Ijumaa baada ya alasiri ikawa desturi. Wakaja makuli wa bandarini na mafundi cherehani, wakaja walimu wa madrasa na makarani, na wanawake wakasikiliza wamesimama upande wa mlango wa uani. Idarusi alikuwa na namna ya kumfundisha mtu mpaka mtu akadhani alilijua jambo tangu zamani. Urefu wa mnazi aliupima bila kuupanda, kwa kivuli chake na kivuli cha bakora. Dunia ilikuwa chungwa la Muheza, mwezi ulikuwa limau, jua lilikuwa taa ya kandili. Machungwa yalitoka jikoni kwa Mwatumu, na yalirudi yamepigwa mistari ya kalamu na hayafai kumwandalia mgeni.

Rafiki yake mkubwa katika darsa lile alikuwa Esmailji, Mhindi wa madhehebu ya Bohora, mwenye duka la vyuma na taa. Walibishana kila mwaka Ramadhani ikikaribia. Bohora wanaingia mwezi kwa hesabu iliyopangwa tangu zamani, na sisi Sunni tunaungoja mwezi uonekane. "Mwalimu, wewe mtu wa hesabu lakini unafunga kwa macho," Esmailji alimtania. "Naye Esmailji ana taa dukani tele," Idarusi akajibu, "lakini mwezi anautafuta gizani." Wakacheka, wakaagizia chai, na chai akaileta Mwatumu.

Mwaka wa hamsini na mbili, mwezi wa Februari, Idarusi alitangaza darsani kwamba siku fulani, mchana, jua litapatwa. Maneno yakaenea mji mzima. Wako waliomwambia anadai kujua ghaibu. Yeye akasema kupatwa kwa jua si ghaibu kuliko kesho kuwa Jumanne, na akaomba jambo moja tu, watu wasilitazame jua, watazame chini. Mwatumu hakulala vizuri juma lile. Aliogopa hesabu ikikosea, kwa kuwa kicheko cha Ngamiani hakiishi upesi.

Haikukosea. Siku ilipofika, mwanga ulipungua kama wa taa iliyoteremshwa utambi. Kiwanja kikajaa. Idarusi aliingia uani mbio, akachukua kawa la kufunikia chakula, kuukuu, limejaa vitundu, akampa mkewe. "Liinue juu ya sakafu, Mama Sabiha. Usitazame juu."

Akaliinua. Sakafuni, ndani ya kivuli cha kawa, vikatokea viduara vya mwanga, vingi, na kila kimoja kimeng'atwa upande mmoja kama kitumbua alichokionja mtoto. Wanawake wakainama kuvitazama. Mmoja akanyoosha kidole akakigusa kimoja, kikampanda kidoleni. Mwatumu aliendelea kulishika kawa mpaka viduara vikajaa tena polepole. Msikitini walikuwa wanasali sala ya kupatwa kwa jua, na yeye alijikuta analia bila kujua analilia nini.

Lakini Idarusi, aliyewakataza watu wote, miaka yote alikuwa akilitupia jua jicho kila siku, asubuhi, mchana na jioni, kama mtu anayemsalimu jirani. Haukupita muda akaanza kulalamika kwamba katikati ya kila kitu anachokitazama pana doa. Mwaka uliofuata hakuweza kusoma. Daktari alimtazama macho, akasema si mtoto wa jicho, hapana cha kukata, kilichoungua kiko ndani. Walirudi kwa miguu kutoka hospitali, Mwatumu amemshika mkono, na walipofika penye jua kali Idarusi akauliza, "Kivuli changu kiko upande gani?"

"Mbele yako."

"Kirefu?"

"Kifupi. Twende."

Shule ikampumzisha. Darsa hakuliacha. Na tangu hapo Mwatumu akawa macho yake. Ilimbidi aache mchele motoni atoke kiwanjani kumtazamia kivuli kimefika mstari upi, arudi amwambie, akae kidogo, aitwe tena. Alikuwa ameteka maji na kufua na kupika maisha yake yote, na sasa aliongezewa jua. Majirani walisema ana thawabu kubwa. Aliitikia, kwa sababu hakuwa na nguvu za kusema kwamba angebadilisha thawabu ile kwa usingizi wa mchana mmoja.

Siku moja alikataa. Alikuwa na homa, mgongo unampasuka, naye Idarusi akamwita kutoka barazani. "Mama Sabiha, kimefika wapi?"

"Leo kitajisoma chenyewe."

Idarusi akainuka. Mwatumu akasikia bakora yake ikigonga ukuta, ikishuka ngazi, ikienda kiwanjani. Bakora haikurudi, naye Mwatumu akainuka, akachungulia. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya bamba, anaipapasa saruji kwa vidole, polepole, mstari kwa mstari, anatafuta mahali penye baridi. Kivuli cha chuma kilikuwa chembamba kama kamba ya ndoo. Alikivuka, akarudi, akakivuka tena. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Alikaa pale muda, kisha akarudi kwa bakora yake, akaketi kando ya kitanda cha mkewe.

"Saruji yote moto," akasema.

Mwatumu akajifunua shuka, akavaa kandambili, akaenda kutazama. "Saa nane imepita kidogo," akamwambia aliporudi.

"Ahsante. Lala sasa."



Baada ya hapo ndipo Idarusi alipoanza kusema Kigombe. Alitaka saa moja zaidi, uwanjani kwa msikiti ambako baba yake alipima kivuli kwa nyayo. Mwatumu alimwambia hawezi, haoni. Akasema, "Wewe waona." Esmailji akampa fimbo ya shaba iliyonyooka, akakataa kutaja bei, akamwambia chuma cha kawaida kitaliwa na chumvi kule pwani.

Wakapanda basi la Pangani, wakashuka Kigombe, wakalala kwa dada yake Idarusi. Fundi mwashi alikuwa Luka, Mbondei wa Muheza, mtu wa maneno machache aliyekwisha kulijenga bamba na nguzo zake kwa maelezo aliyopelekewa, akaviacha vikauke. Kazi iliyobaki ilikuwa kulielekeza na kulichora. Muadhini wa msikiti, Mwinyijuma, mtu wa rika moja na Idarusi, alifagia uwanja kwa mkono wake.

Asubuhi Luka akasimamisha kijiti kwa timazi, kisimame wima. Mwatumu akachora duara kukizunguka. Kivuli kilikuwa kirefu, kinajikunja kadiri jua linavyopanda. Ncha yake ilipougusa mduara, akatia alama. Sasa ilibidi kungoja mpaka alasiri kivuli kirefuke tena na ncha iuguse mduara upande wa pili, maana alama hizo mbili zikiunganishwa ndiyo mashariki na magharibi ya kweli, isiyohitaji dira. Wakati wa kungoja, Idarusi akasema wachore bamba.

Mwatumu alipiga magoti. Magoti yalimuuma, na mwanga wa saruji mpya ulimpiga usoni. Akafunga kamba kwenye kitundu cha katikati, akachora nusu duara kwa makaa.

"Umechora?"

"Nimechora."

"Kamba ileile, usiifupishe wala usiirefushe. Shika ncha moja mwanzo wa ukingo, ya pili ifike ukingoni. Tia alama. Kutoka hapo, tena."

Akatia alama ya kwanza. Akasogeza, akatia ya pili. Aliposogeza mara ya tatu, ncha ya kamba ikatua juu ya mwisho wa nusu duara, pale pale. Akadhani amekosea. Akafuta, akarudia. Ikatua pale pale.

"Imefika," akasema.

"Imefika wapi?"

"Mwisho. Haikuzidi, haikupungua."

Idarusi alitabasamu, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya alipokuwa mkewe. "Miaka yote nimewaambia watu hilo, wewe ukipita na ndoo."

"Nilikuwa na ndoo."

Luka alicheka chini chini. Mwatumu alikaa juu ya visigino vyake, ameshika kamba. "Nani aliyeipanga hivi?"

"Aliyelipanga duara," mumewe akasema. "Haya, kila fungu ulikate kati, kisha ukate kati tena. Utapata saa zako zote."

Akaendelea kukata. Kilichomwingia moyoni kilikuwa kama furaha, ila kilimkuta amechoka, kama mgeni anayefika sufuria zimekwishaoshwa. Alikuwa na umri wa kuwa bibi, na jambo la uzuri ule lilikuwa limekaa nyumbani mwake tangu aolewe, asipate nafasi ya kulitazama. Hakumwambia. Mchana wakala wali na samaki aliopika wifi yake, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu chakula kile hakukipika yeye.

Alasiri ncha ikaugusa mduara. Wakapiga mstari, Luka akalizungusha bamba akalikaza, akapitisha shaba, akakiinua kichwa cha kusini kama alivyoelekezwa. Kivuli kikaanguka kwenye mstari wa saa kumi. Mwinyijuma akaenda kutazama saa ya mfukoni, akarudi akiitikia kwa kichwa, akaketi.

Idarusi aliishi msimu mmoja zaidi. Homa ilimchukua mwishoni mwa Septemba, zile siku ambazo bamba halisemi kitu, na alikufa asubuhi, Mwatumu akiwa amekwenda kuteka maji. Alimkuta amegeukia mlango.

Hayo ndiyo aliyoyatafakari Mwatumu siku ile ya kutoka eda. Majuma machache baadaye hitma ikasomwa Kigombe. Zubeiri ndiye aliyesimama kusema. Alisema vizuri. Alisema marehemu alikuwa bahari ya elimu na taa ya mji, na wazee wakatikisa vichwa. Mwatumu, aliyekaa na wanawake, aliegemea nguzo akasikiliza habari za mtu mrefu, mtulivu, asiyewahi kumuuliza mtu kivuli kiko wapi. Hakuwa na ugomvi nazo. Alifunga macho.

Watu walipotawanyika alikwenda uwanjani peke yake. Saa ilikuwa imeinama. Mtu alikuwa amemfunga mbuzi kwenye shaba, mbuzi akavuta, nguzo moja ikalegea, na bamba likageukia pembeni. Kwenye fimbo ileile palikuwa pameanikwa nguo ya mtoto.

Mwinyijuma alimfuata, aibu imemjaa. "Shemeji, tumekosa. Hatukujua nani atakayeinyoosha. Saa ya ukutani tunayo, lakini watu wanaiulizia hii. Wanawake wa huku wanaiulizia."

"Zubeiri ni mwalimu. Mwambie."

"Nimemwambia. Anasema hizi alikuwa anazijua mwenyewe marehemu."

Mwatumu aliitazama ile nguo. Alitaka basi, alitaka kitanda chake cha kamba, na alitaka mtu asimwambie kitu tena mwaka mzima. "Luka yuko wapi?" akauliza.

Luka alipatikana, anajenga tangi la maji jirani. Kesho yake akaja na mwiko na timazi. Mwatumu akatafuta kijiti, akaomba kamba. Wifi yake na wanawake wawili wakatoka na ndoo zao kichwani, wakasimama kumtazama, na alipowaambia waziweke chini wakaziweka. Akachora duara. Akawaonyesha ncha ya kivuli, akamwambia wifi yake atie alama mwenyewe, maana yeye kuinama hawezi tena.

Kisha akaketi chini ya ukuta wa msikiti, akiwaambia atafumba macho kidogo tu. Jua likapanda, likageuka. Alasiri Luka akamwita taratibu.

"Mama, nadhani kimefika."

Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda mpaka kwenye duara, akatazama kwa muda.

"Bado kidogo," akasema, akabaki amesimama.